Tone la Damu na Kesi ya Sumu

Mbwa akitapika jioni na kuhara damu alfajiri, mtaa hutoa hukumu kabla daktari wa mifugo hajafika: katiliwa sumu. Ndivyo ilivyo Mwanjelwa kule Mbeya, ndivyo ilivyo Kihesa kule Iringa. Jirani aliyewahi kulalamikia kelele za usiku huanza kutupiwa jicho la pembeni, na mwizi ambaye hakuna aliyemwona hupata kimo, rangi na hata jina. Tuhuma hizo hazitoki hewani, kwani wezi kweli huwarushia mbwa wa ulinzi nyama yenye sumu. Lakini mtoto wa mbwa wa wiki kumi, asiyejua hata kubweka sawasawa, nani ahangaike kumtilia sumu?

Ushahidi wa kesi hii umo kwenye damu ya mbwa mwenyewe, na kuusoma hakuhitaji mashine ya mamilioni. Damu kidogo kutoka mshipa wa mguu wa mbele inaingizwa kwenye mrija mwembamba wa kioo, mrija unazungushwa kwa kasi kwenye mashine kwa dakika tano hivi, na damu inajipanga yenyewe. Chembe nyekundu zinashuka chini. Majimaji ya manjano hafifu yanabaki juu. Katikati yake panatokea utando mweupe, mwembamba, ambao ndani yake zimo chembe nyeupe na chembe sahani, zile zinazogandisha damu. Kwa mbwa mwenye afya utando huo unaonekana kwa macho. Kwa mtoto wa mbwa aliyeshikwa vibaya na parvo, ugonjwa wa kirusi unaoharisha damu, unaweza kuugeuza mrija huku na huku ukiutafuta.

Hospitalini sisi binadamu tunakijua kipimo cha kuhesabu chembe za damu kwa herufi tatu, FBP, na wengi tumekilipia dirishani bila kuuliza kinatafuta nini. Kwa mbwa mzima, chembe nyeupe huwa kati ya 6,000 na 17,000 hivi katika mikrolita moja ya damu, yaani sehemu moja ya milioni ya lita. Parvo ikikolea hushuka chini ya 2,000, na wapo wanaofika mia kadhaa tu. Sumu za mitaani, ambazo nyingi ni viuatilifu vilivyotoka shambani, huua kwa njia nyingine kabisa. Zile za jamii ya fosfeti humshika mbwa ndani ya dakika au saa chache: mate yanamchuruzika, misuli inatetemeka, mboni za macho zinasinyaa na kuwa kama ncha ya sindano, pumzi inakwama. Mbwa aliyekataa chakula juzi, akashikwa na homa jana, na leo anahara damu yenye harufu kali huku chembe zake nyeupe zimetoweka, huyo hana kesi na jirani.

Kirusi chenyewe ni kijana. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi Julai 1976, na treni zilikuwa zinapita Mbeya kwenda Kapiri Mposhi wakati madaktari wa mifugo wa Marekani, Ulaya na Australia walipoanza, mwaka 1978, kuwaona mbwa wakifa kwa kuhara damu kwa namna wasiyoijua. Kilitokana na kirusi cha jamii ya kile kinachofyeka chembe nyeupe za paka, kilichobadilika kidogo kikapata ufunguo wa kuingia kwenye seli za mbwa. Haikupita miaka miwili kikawa kimezunguka dunia. Hapo mwanzo, chanjo ya mbwa ilipokuwa bado haijapatikana, wapo madaktari waliowadunga mbwa chanjo ya paka, na ikawasaidia kiasi. Tanzania nayo kirusi kipo.

Kwa nini ugonjwa wa tumbo ufute chembe za damu? Kirusi cha parvo ni kidogo mno na hakina vifaa vya kujizalisha. Kinategemea seli iliyo katikati ya kugawanyika, kiazime mitambo yake. Kwa hiyo hukimbilia mahali ambapo mwili unazalisha seli mpya kwa kasi. Mbwa hukilamba kwenye udongo au kinyesi, kikaanzia kwenye tezi za kooni, na baada ya siku tatu au nne kinakuwa kimesambaa kwenye damu. Kutoka hapo kinaingia kwenye uboho, kiwanda cha chembe zote za damu, na kwenye vishimo vya utumbo mwembamba ambako huzaliwa seli za kuziba mapengo ya zile zinazochakaa kila siku. Utumbo ukikosa seli mpya, vinyweleo vyake vinavyofyonza chakula husinyaa, ukuta unabaki wazi, damu inavuja kuingia tumboni na bakteria wanavuka kuingia kwenye damu. Zinazotakiwa kuwapokea bakteria hao ni neutrofili, aina ya chembe nyeupe, na uboho umeacha kuzitoa. Ni kama wezi wamebomoa ukuta usiku uleule ambao sungusungu wote wamelazwa.

Neutrofili chache zilizobaki zinakimbilia kwenye utumbo na kufia huko, kwa hiyo hesabu inashuka kwa sababu mbili kwa mpigo: uzalishaji umesimama na matumizi yamepanda. Limfosaiti, aina nyingine ya chembe nyeupe, nazo zinapungua, kwa kuwa kirusi kinaziteketeza kwenye tezi zilikozaliwa. Wengi wa mbwa hawa wanauawa na bakteria walioingia kwenye damu na upungufu wa maji, wakati kirusi chenyewe kimeshamaliza kazi yake.

Hapa umri wa chembe unaeleza mengi. Neutrofili ikishatoka kwenye uboho huishi ndani ya damu saa chache tu. Chembe sahani huishi siku kadhaa. Chembe nyekundu ya mbwa huishi zaidi ya siku 100. Kiwanda kikifungwa leo, neutrofili zitaonekana kupungua ndani ya siku mbili tatu, na chembe nyekundu hazitashtuka. Mtoto wa mbwa mwenye parvo akionekana mweupe ufizi na damu yake ni nyepesi, usikilaumu kirusi peke yake. Tafuta anakotokwa na damu, na tafuta minyoo.

Minyoo ya safura ya mbwa ndiyo inayowachanganya watu zaidi kwenye ugonjwa huu. Hung'ata ukuta wa utumbo na kunyonya damu, nayo huingia kwa mtoto wa mbwa kupitia maziwa ya mama yake, hata kabla hajatoka nje ya banda. Mbwa huyo akiharisha sana maji yanampungua mwilini, damu inakuwa nzito, na kipimo cha mrija kinasoma chembe nyekundu asilimia 36. Mtu anasema damu ipo. Anatundikiwa dripu, maji yanarudi, kesho yake mrija uleule unasoma asilimia 20. Mwenye mbwa anaapa kwamba dripu imeiharibu damu, kumbe dripu imeondoa pazia tu. Daktari makini huyapima pia yale majimaji ya juu kujua kiasi cha protini, kwa sababu utumbo unaovuja hupoteza protini, na mbwa mwenye damu nzito na protini ndogo anakuambia kwamba kuna kitu kimefichwa.

Kuna mtego mwingine wa upande wa pili. Mbwa mzima ana chembe nyekundu asilimia 37 hadi 55 za damu yake, ila mtoto wa miezi miwili kwa kawaida huwa chini ya hapo, karibu na 30. Anayemsoma mtoto kwa vipimo vya mbwa mzima atamwongezea ugonjwa asionao. Nao mbwa wetu wa kijijini, wanaoishi na minyoo na viroboto mwaka mzima, mara nyingi huwa na eosinofili, nazo ni aina ya chembe nyeupe, nyingi kuliko zile zilizochapwa kwenye vitabu vya Ulaya.

Kuhara damu si ugonjwa mmoja. Upo ugonjwa unaowashika hasa mbwa wadogo wa kizungu wanaofugwa ndani, unaohusishwa na sumu za bakteria wa utumboni. Unaanza ghafla, kinyesi kinafanana na jemu ya matunda, na mrija unasoma chembe nyekundu asilimia 60 au zaidi kwa sababu maji yamekimbilia tumboni, lakini chembe nyeupe zipo, pengine zimeongezeka. Upo utumbo uliojichomeka ndani ya utumbo, jambo linaloweza kumpata mtoto wa mbwa katikati ya parvo yenyewe na likahitaji kisu. Ipo homa ya mbwa, ambayo kwanza hutapisha na kuharisha, tena hupunguza limfosaiti, kabla ya kupanda kwenye ubongo na kuleta degedege. Kupe nao wana yao: vimelea vya babesia vinavyokaa ndani ya chembe nyekundu na kuzipasua mpaka mkojo unageuka rangi ya kahawa, na erlikia, bakteria wanaoishi ndani ya chembe nyeupe na kumaliza chembe sahani mpaka mbwa anatokwa damu puani. Kwa mbwa wa pembezoni mwa Hifadhi ya Ruaha, ambako mbung'o wapo, ongeza vimelea vya nagana, hasa ukiona macho yameingia ukungu.

Karibu yote hayo yanaweza kuanza kutafutwa kwa tone moja la damu lililotandazwa kwenye kioo, likakaushwa, likatiwa rangi na kuwekwa chini ya hadubini. Mtu aliyezoea atakwambia kwa kutazama tu kama chembe nyeupe ni nyingi au ni haba, kama neutrofili zilizopo ni changa zilizotolewa kabla ya wakati, kama zina madoa ya buluu yanayoashiria sumu ya bakteria, kama kuna kimelea. Kazi ya nusu saa. Hadubini zipo: zipo vyuoni, zipo kwenye vituo vya mifugo, na Iringa ipo maabara ya kanda ya Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania, TVLA, inayohudumia nyanda hizi za juu. Tahadhari ni kwa mashine za kuhesabu zilizopangwa kwa ajili ya binadamu. Chembe nyekundu ya mbwa ni ndogo kuliko yetu, na mashine isiyoambiwa hivyo inaweza kutoa tarakimu safi zilizochapwa vizuri na zisizo na ukweli.

Kinachokosekana ni mazoea ya kuuliza. Mwenye mbwa anafika kwenye duka la dawa za mifugo, anaeleza kwa maneno, anaondoka na sindano ya kuua bakteria, vidonge vya minyoo, na siku nyingine ivermectini ya ng'ombe ambayo kipimo chake kwa mbwa wa kilo nne hukisiwa kwa jicho. Vidonge mbwa anavitapika kabla havijayeyuka. Sitaki kumsema vibaya muuza duka, kwa sababu anayefika na mbwa mkononi anataka kitu cha kubeba, na ushauri haubebeki. Lakini gharama ya mkoba huo mara nyingi inatosha kulipia kioo na rangi yake.

Hapo ndipo kipimo kinapoingia mfukoni mwa kila mtu. Mbwa ambaye chembe zake nyeupe zimeanguka anahitaji dawa za kuua bakteria, tena za mishipani au za sindano, kwa sababu mwili wake hauna ulinzi. Mbwa anayehara damu, chembe zake nyeupe zikiwa sawa, hana homa, na anaitikia dripu, mara nyingi hazihitaji hata kidogo, na madaktari wa nchi nyingi siku hizi wanaziacha. Kila dozi ya bure inawazoesha bakteria dawa zilezile anazotumia mtoto wa nyumba hiyohiyo anapougua.

Damu husema pia habari za kesho. Mwaka 2008 watafiti wa Onderstepoort, kitivo cha veterinari cha Chuo Kikuu cha Pretoria, walichapisha matokeo ya watoto wa mbwa 62 waliolazwa kwa parvo na kupimwa damu siku hadi siku. Hesabu ya siku ya kwanza haikuwa na uzito kama mwendo wake. Waliopona walionyesha ndani ya saa 24 kwamba chembe nyeupe zimeanza kupanda, na limfosaiti zikivuka 1,000 matumaini yalikuwa makubwa sana. Kwa hiyo pesa ikitosha vipimo viwili, kimoja kifanyike siku ya kufika na kingine kesho yake, kisha daktari na mwenye mbwa wazungumze wakiwa na kitu mkononi. Kiwanda kinapofunguliwa tena, mara nyingi chembe nyeupe ziitwazo monosaiti ndizo zinazotangulia, neutrofili zikafuata kwa fujo, hata kuzidi kiwango kwa siku chache. Asiyejua akiona 25,000 siku ya sita ataogopa ugonjwa mpya wakati mbwa ameshaanza kulamba bakuli.

Wengi huuliza kama inafaa kuhangaika. Bila matibabu, wengi mno wa watoto wa mbwa wenye parvo kali hufa. Wakitibiwa wakiwa wamelazwa, wengi hupona. Kwa wanaoishi mbali na hospitali za mbwa, yaani karibu sisi sote, utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado uliochapishwa mwaka 2017 una habari njema. Mbwa 40 waligawanywa nusu kwa nusu. Waliolazwa walipona asilimia 90. Wale ambao baada ya dripu ya kwanza walitibiwa kama wagonjwa wa nje, kwa maji ya kuingizwa chini ya ngozi, sindano ya kuzuia kutapika na dawa ya bakteria ya muda mrefu, walipona asilimia 80. Hiyo ya pili inawezekana Mafinga, inawezekana Tukuyu, ilimradi kuna mtu wa kumtazama mbwa kila siku na kumweka kwenye joto. Julai ya Mbeya, mji ulio mita 1,700 juu ya bahari chini ya mlima Loleza, ni adui wa mtoto wa mbwa aliyelowa kinyesi juu ya sakafu ya saruji. Mwili mdogo uliopoa hauitikii dripu.

Baridi na kivuli vinakipendelea kirusi pia. Hakina ule utando wa mafuta unaoyeyushwa na sabuni, na kwenye udongo wenye kivuli hudumu hai miezi mingi, hata zaidi ya nusu mwaka. Dawa nyingi za kusafishia zenye harufu ya hospitali hazikigusi. Jiki inakiua, kipimo kimoja kwa vipimo 30 vya maji, baada ya kuondoa kinyesi na kusugua, na iachwe dakika 10. Ni kwa sakafu na vyombo, wala si kwa uwanja wa udongo. Udongo hauwezi kuoshwa. Uukatie majani jua liupige, na usilete mtoto mwingine wa mbwa asiyechanjwa kwa miezi kadhaa, hata kama rafiki wa Makambako anakupa bure.

  Kwa watu wa Idodi na Tungamalenga, kwenye njia ya kwenda Ruaha, mbwa ni mlinzi wa mbuzi dhidi ya fisi na chui, na afya yake haiishii kwenye uzio. Mwaka 1994 homa ya mbwa, iliyoaminika kutokea kwa mbwa wa vijiji vya jirani, iliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Ruaha, iliyopanuliwa mwaka 2008 kwa kuunganishwa na Usangu upande wa Mbeya, ni mojawapo ya ngome kubwa zilizobaki za simba na za mbwa mwitu barani. Mtoto wa mbwa anayeharisha kijijini kule, ambaye hakuna aliyejua kama ni parvo, homa ya mbwa au minyoo, ni habari ambayo wahifadhi wangependa kuipata mapema.

Chanjo zipo, na hazifichi siri yoyote. Mtoto wa mbwa huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudia kila wiki tatu au nne mpaka afikishe wiki 16. Sababu ya kurudia ni kwamba kinga aliyonyonya kwa mama huiua chanjo ya mapema, na hakuna ajuaye kwa kila mbwa siku ambayo kinga hiyo itakwisha. Anayechanja mara moja akaishia hapo anakuwa amecheza bahati nasibu. Chanjo ikipata joto njiani nayo inakufa, kwa hiyo uliza friji kabla ya kuuliza bei.

Kisha kuna jambo ambalo madaktari wa mifugo hulieleza kwa uchovu. Kila Septemba, kuelekea tarehe 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huita mbwa wachanjwe. Watu hupanga foleni na kamba mkononi, mbwa anadungwa, kadi inaandikwa. Miezi miwili baadaye mtoto wa mbwa wa nyumba hiyo anahara damu na mwenyewe anatoa kadi kwa hasira: huyu amechanjwa! Amechanjwa kweli, dhidi ya kichaa, na ni chanjo inayookoa maisha ya watoto wetu. Ile ya parvo huwa kwenye chupa nyingine, ambayo mara nyingi haimo kwenye kasha la kampeni, na anayeihitaji ataifuata mwenyewe dukani au kwa daktari, ailipie, tena zaidi ya mara moja.